Jiko la Kuni Ghorofa ya Saba

Mwezi wa pili, Kariakoo, jua la kuyeyusha lami. Mdogo wangu Heriel amevaa sweta, anachochea kuni.

Sitanii.

Ghorofa ya saba, barabara ya Msimbazi iko chini pale inapiga honi, na jamaa kawasha jiko la kuni sebuleni.

"Dada Josepha, funga mlango, joto linatoka!"

Joto linatoka. Dar! Mimi nimetoka Mchikichini kuuza viatu vya mitumba, nguo imenigandia mgongoni, halafu naambiwa joto linatoka.

Hiyo nyumba ilikuwa mpya kabisa. Kuta mbili mbili, katikati kajaza yale maboya meupe yanayokuja na friji. Madirisha vioo viwili viwili. Kelele haiingii, hewa haitoki. AC inapuliza baridi kutwa nzima, na pembeni jiko la chuma la kutoka ng'ambo, bomba lake limepitishwa ukutani.

Yaani mtu ananunua baridi, kisha anaipasha moto. Na huyo ndiye mwenye duka la jumla, anayejiona ana akili kuliko ukoo mzima.

Sababu eti ni Mama.

Tulipopanda kwetu Marangu, kwenye baridi ya Kilimanjaro, kula Krismasi, Heriel alishuka naye aje kutibiwa kifua. Kifua kikapona. Mama akaanza kuuliza anarudi lini. Heriel akawa anamzungusha: mara barabara mbovu, mara mvua. Mwishoni akaamua kumletea Marangu sebuleni.

"Mama, si kama nyumbani tu?"

"Nyumbani kuna baba yako," Mama akajibu.

Baba tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Kwetu Uchagani kihamba hurithiwa na kitindamimba, na mama anaishi humo humo mpaka mwisho. Hakiuzwi. Hata mlevi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, analijua hilo. Kitindamimba wetu ni Heriel.

Siku hiyo alikuwa anajisifia kuni.

"Hizi zimetoka nyumbani kabisa, zimekuja na lori la ndizi. Nataka Mama anuse moshi wa kwao."

Akanyanyua gogo alitie jikoni. Mama akamshika mkono.

"Hebu lilete."

Akaligeuza. Ubavuni kulikuwa na pete ya chuma, mti umeimeza nusu.

"Ruwa wangu," Mama akamwita Mungu kwa Kichaga. "Hii si pete aliyoigongomea baba yenu, ya kufungia ng'ombe? Huu si mringaringa wa pale kaburini?"

Nikasogea. Ndiyo yenyewe.

"Nani kaukata?"

"Mama, ule mti ulikuwa mzee..."

"Nani kaukata, Heriel?"

Kwenye baridi yote ile, jamaa akatoka jasho.

"Mwenye shamba," akasema.

Heriel alikuwa ameuza kihamba. Aliuza Novemba, kwa mtu anayetaka kujenga hoteli. Krismasi ile tulichinja mbuzi kwenye ardhi ya mtu na hatujui. Mnunuzi alipoanza kusafisha miti, huyu bahili akaona kuni zisipotee bure. Akamletea mama yake aote moto wa mti uliokuwa unatia kivuli kaburi la mumewe.

Na vile vioo na kuta mbili mbili vyote vilikuwa vya kumfanya Mama asiulize tena.

Nilimtukana. Matusi mengine sikujua kama ninayo.

Mama hakutukana. Aliondoka na mimi hadi kwangu Ilala, akagoma kula na kuongea.

Kesho yake Heriel akaja na sale. Kwetu ukimkosea mtu vibaya, unampelekea jani la sale, na akiletewa haruhusiwi kukataa kusamehe. Masale ndiyo tunayapanda mpakani kuzunguka kihamba. Yeye ya kwake ameshayauza, kwa hiyo kanunua kwa wauza maua, tena na kopo lake la plastiki. Hata kuchuma jani kashindwa!

Akapiga magoti. Mama akaliangalia lile kopo.

"Umelitoa kwenye mpaka wa nani?"

Mama akalipokea.

"Nimekusamehe."

Heriel akashusha pumzi, akatabasamu. Nilitamani kumzaba kibao. Tayari alikuwa anapapasa funguo za gari.

"Asante sana, Mama."

"Haya. Sasa nipeleke nyumbani."

Tabasamu likamkauka.

"Nyumbani wapi, Mama?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Alibaki amepiga magoti pale, mwanaume mzima, funguo mkononi. Mpaka leo hajamjibu.

Na nyie mnaowajengea wazazi majumba ya kupigia picha, sikieni. Mama akikuuliza anarudi lini, usimwashie moto. Mjibu.