Tembo Kali la Kilifi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nitaanza kwa kukubali kwamba kosa lilikuwa la lugha. Watoto wa darasa langu hapa Voi wakisema "ndovu imekuja", ninawasimamisha mbele ya ubao mpaka waseme "ndovu amekuja". Nimewapigia watu kelele za ngeli miaka mingi, mpaka mume wangu nyumbani anaongea kwa tahadhari.

Mama yangu anaishi Marungu, na ana sukari. Daktari alimwambia bila kuzungusha maneno: "Mama, tembea nusu saa kila siku, la sivyo miguu hii utaipoteza." Mama akasema sawa daktari, asante daktari, akarudi nyumbani akaketi. Tangu ndovu walipopita shambani kwake wakala mahindi na kubomoa tangi la maji, alikuwa havuki geti. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwita mwoga. Ndiyo, nilimwita mama yangu mzazi mwoga, tena kwa sauti. Nilikuwa naogopa. Kidole kimoja cha mguu wake kilikuwa kimeanza kufa ganzi.

Basi likizo ya Agosti nikamtia kwenye kagari kangu, tukaelekea pwani. Siku tatu za kutembea tu na kutazama wanyama wadogo wadogo: kaa, ndege, tumbili. "Huko hakuna ndovu," nikamwapia.

Hata hatujamaliza Maungu, ndovu hao kando ya barabara, wekundu kwa vumbi! Gari la watalii limesimama, watu wamechomoza juu ya paa wanapiga picha. Mama akafunga kioo, akageuza uso upande wa pili.

"Watu wanapanda ndege kuja kuona hawa?" akasema. "Wangeniambia tu, ningewatumia."

Mariakani tukaacha barabara kuu, tukashika njia ya Kaloleni. Jamani, njia ile! Minazi kila upande, barabara inapanda na kushuka vilima, na mama, ambaye ndani ya gari huwa hafungi mdomo, akabaki kutazama tu. Aliona hondohondo mtini, yule ndege wa mdomo mkubwa, akaniamrisha nisimame. Tuliposimama, tumbili akatuibia ndizi kupitia dirishani. Mama akamfokea kwa Kidawida, lugha ya kwetu, naye tumbili akakaa akasikiliza mpaka mwisho, huku anakula.

Kesho yake asubuhi, Kilifi, tukaacha gari kivulini tukaingia kwenye kijia cha mchanga cha kwenda ufuoni. Hatua mia moja, mama anapumzika. Mia nyingine, anapumzika tena. Mimi nampigia makofi. Akamwona kaa anakimbia upande upande, akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyu naye mbona hajielewi, anakwenda wapi?"

Hapo akashuka mwanamume kutoka mnazini, kisu kiunoni. Tukasalimiana vizuri. Kisha akasema kwa uchangamfu, "Karibuni. Mkifika pale kwenye mnazi ulioinama mtakuta tembo. Lakini angalieni, tembo kali, la jana. Asubuhi hii limewaangusha wanaume wawili, mpaka sasa wako chini."

Sasa, mtu wa pwani akisema hivyo, anasema pombe ya mnazi. Mtoto wa chekechea wa Kilifi anajua. Mimi mwalimu nikasikia tembo wa vitabuni, yule yule ndovu. Hilo "kali" lilitakiwa kunishtua, maana mnyama angekuwa "mkali". Na "limewaangusha" je? Nikajua tu ni la ukubwa, yaani dubwana lenyewe! Siku moja maishani ngeli inataka kuniokoa, mimi nikakataa.

Nikatoka mbio. Sikusema "mama, kimbia," wala sikumshika mkono. Slipa moja ilibaki pale, nyingine sijui. Nikaingia garini, nikafunga milango yote minne. Halafu nikaona kiti cha pembeni hakina mtu.

Woi! Nilikaa pale kama dakika kumi. Nilishaanza kupanga nitakavyowaambia ndugu zangu. Mwishowe nikaokota fimbo, kijiti kwa kweli, nikarudi pekupeku huku namwomba Mungu kwa sauti.

Nilimkuta mama amefika ufuoni kabisa, kwa miguu yake, raba zimejaa mchanga, anamfuata kaa. Yule mgema ameketi chini anafuta machozi ya kicheko.

"Mama! Tembo yuko wapi?"

"Kwenye dumu," mama akasema.

Kumbe hakukimbia kwa sababu anawajua ndovu. Ukikimbia kabla hujajua yuko wapi, unaweza kumkimbilia yeye. Alisimama tu, kisha akamuuliza mgema swali ambalo mimi na cheti changu hatukuliwaza: "Na wewe mbona hukimbii?" Alipoelezwa, akamsuta kidogo kwa kumkaribisha mama wa kanisa pombe asubuhi asubuhi, halafu akaendelea na safari yake.

Nikajitetea. "Mama, nilikuwa nimekwenda kuleta gari."

"Lipite wapi? Majini?"

Mgema akaanguka kicheko upya. Mama akaitazama miguu yangu mitupu. Ningefurahi angekasirika, lakini wapi, alikuwa anatabasamu.

"Siku ndovu waliponikimbiza mimi," akasema, "nilikuwa na wewe mgongoni na ndoo ya maji kichwani. Ndoo niliitupa."

Nililia pale pale mchangani, mtu mzima, mbele ya mgema. Nikamwomba msamaha kwa lile neno mwoga.

"Haya, futa makamasi twende," akasema, akatangulia. Nikamfuata pekupeku mpaka alipochoka, na hakuchoka haraka.