Mkeka wa Bi Zuhura Mlangoni

Mwanangu, nakumbuka siku moja, Jumamosi ya Temeke, ambayo kila nikihama mji nahama nayo.

Tulikuwa vijana watano, wachoraji, tumeazima ukumbi wa kata kwa maonyesho ya sanaa ya mtaa. Kwenye bango tuliandika kwamba ni ya watu wote. Lakini kamati ilikuwa sisi watano tu, na wahenga walishasema, asiyekuwapo na lake halipo.

Jirani yangu Bi Zuhura, mama wa Kizaramo aliyekuwa akisuka mikeka barazani kwake, alituletea mmoja. Ukili wake aliusuka miezi mitatu, zambarau na kijani zikipishana hadi macho yakachoka kutafuta zilikoanzia. Niliupokea kwa mikono miwili, nikamwahidi ataukuta ukutani.

"Mkeka nao sanaa?" mwenzangu mmoja akaniuliza. "Basi kesho tutaletewa na ungo."

Tulicheka. Mie nilicheka kuliko wote, mwanangu, maana nilikuwa nimemaliza sekondari juzi tu na nilijiona najua. Kuta zote tukatundika picha zetu. Mlangoni palikuwa na vumbi, nikautandika mkeka pale.

Bi Zuhura akaja na wasusi wenzake watatu, wamevaa khanga mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkeka wangu uko wapi?"

Nikatazama chini. Mwenzake mmoja alikuwa ameshaukanyaga na viatu.

"Shoga, umesimama juu ya maonyesho yangu," Bi Zuhura akamwambia. Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Akanigeukia, sauti chini.

"Mwanangu, mkeka kukaliwa si tusi, nimeusuka ukaliwe. Lakini umeniacha nikawaita wenzangu, nikawatoa majumbani mwao, nije kuwaonyesha nyayo za watu."

Akaukunja, akauweka kwapani, wakaondoka. Sikumfuata. Niliona haya, na haya ya kijana hujifanya kiburi.

Baadaye nilizurura, Tanga, Mtwara, Songea, na kila penye msusi nilisimama. Mwaka jana nikarudi, nikaambiwa yuko Bunju kwa binti yake. Nilimkuta macho yameshaacha kazi. Nikamwomba radhi, nikamwomba na mkeka mmoja, niutundike pale anapotaka yeye.

"Nilishasamehe zamani," akasema. "Ila umechelewa, baba. Siku hizi nasuka usingizi tu."

Tukacheka wote wawili. Nilipotoka nililia njia nzima hadi barabara ya Bagamoyo.

Mwanangu, ukiandaa maonyesho mtaani kwako, usianze na bango. Anza na miguu yako. Mfuate msusi, mfinyanzi, fundi asiyesikia, na yule wa kiti cha magurudumu ambaye ngazi za ukumbi zinamrudisha nyumbani. Usichukue kazi zao tu ukaenda kuwaamulia, wakalishe kwenye kamati wachague ukuta wenyewe. Na uwafuate leo. Msamaha nilipewa, ila ile kazi sitaiona tena.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu wangali na nguvu mikononi, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu anayefurahi kukuona.