Shafti Iliyokatika kwenye Kinu Kikongwe

Katika karakana zote za mtaa huu, hakuna mkono unaokijua chuma kama wa Mama Bushi. Karakana zenyewe, lakini, ni moja, na ni yake.

Ni saa mbili asubuhi. Mvua inagonga bati. Mama Bushi ameinamia mashine ya kukereza, leso kichwani, sikio karibu na shaba inayochongwa. Anachonga bushi ya kinu cha kusagia nafaka ambacho ni kikongwe kuliko yeye, na yeye miaka yake haitaji mbele ya watu. Kiwanda kilichounda kinu hicho kilishakufa. Spea zake hazipatikani hata kwa dawa.

"Ni kama meno ya bandia," anasema. "Kinywa cha zamani, jino jipya. Ukiweka jino gumu mno, litakula ufizi."

Ndiyo maana bushi huichonga kwa shaba, na shafti inayozunguka ndani yake kwa ekseli kuukuu ya lori. Vikisuguana, bushi ndiyo inayoliwa. Kuchonga bushi nyingine ni kazi ya asubuhi moja. Shafti ikiliwa, kinu kizima kinalala.

Kazi alifundishwa na mumewe, ambaye sasa ni marehemu. "Aliniposa kwa sababu ya mikono mikubwa," anasema. "Wenzangu walisifiwa macho."

Vyuma chakavu huja bila jina. Ili kutofautisha chuma laini na kigumu, hukigusisha kwenye jiwe la kunolea la umeme akatazama cheche. Za chuma laini ni ndefu, zimenyooka. Za kigumu hupasuka nchani kama nyota. Kwa cheche hizo amesomesha watoto wanne. Siku hizi mapato ya wiki yanaishia kwenye umeme na dawa za presha, maana watu wananunua mashine mpya za bei poa, zikifa wanazitupa.

Mmoja wa wateja waliobaki amesimama mlangoni, plasta kwenye paji la uso. Ni mwenye kinu. Mwezi uliopita shafti aliyochongewa hapa ilikatika kinu kikiwa kazini, kipande kikamrukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kazi au na polisi?"

"Na kazi, mama. Bushi hiyo naona iko tayari, bado shafti. Lakini ikikatika tena, kinu nakiuza kwa kilo."

Shafti ile ilikuwa ya chuma laini, cha kutengenezea mageti. Mama Bushi alimtupia lawama muuza chakavu: "Alinichanganyia, mwizi yule!" Mtaa ukamwamini. Tangu hapo muuza chakavu hapati wa kununua wala wa kumuuzia, na watoto wake wanazomewa njiani.

Bintiye Mama Bushi, anayefanya naye kazi, hakuchangia lawama hizo. Ila alikuwa ameanza kumwona mama akipapasa kutafuta kalipa ya kupimia unene iliyo mbele yake, na akimimina chai nje ya kikombe, kisha akikigombeza kikombe.

"Shafti hii nitaichonga mwenyewe," anasema Mama Bushi anapoulizwa mipango yake. "Halafu nitaendelea mpaka mashine hii initangulie kufa. Macho yangu bado wembe."

Binti anaokota kipande kwenye rundo, anawasha jiwe, anakikandamiza. Jiwe linapiga kelele. Mama sasa ameketi kwenye stuli yake, si mbali, shingo kainyoosha.

"Unaona nini, mama?"

"Nyota tupu! Zinapasuka nchani. Ekseli hiyo, mwanangu, mchongee mtu shafti yake aende zake."

Mwenye kinu analitazama jiwe, kisha anamtazama mama. Binti anazima umeme. Anachuchumaa mbele ya stuli, anamwekea mama kile kipande cha njano kiganjani na kumfumba vidole.

"Mama," anasema taratibu, "hii ni shaba. Shaba haitoi cheche."