Chaji ya Kumpokelea Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa kujisifu. Mimi nasema kwa sababu majirani zangu wa mtaa wa Ramadhani, hapa Njombe, wameshalisema sana na sina tena cha kukana. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara, kwa hiyo nikitaka kuiona dunia nainua tu kichwa. Simu yangu nayo imefuata tabia ya mwenyewe. Inakaa ukutani na waya wake asubuhi hadi jioni, na ukiichomoa inaishi muda wa mtu kwenda dukani kununua chumvi na kurudi, tena asikute foleni. Mke wangu anaiita simu ya mezani.

Sasa mke wangu akajifungua, mtoto wetu wa kwanza, na kwa desturi ya kwetu mama yake alipaswa kuja kumwangalia mzazi. Mama mkwe anaishi Rujewa, kwenye joto na mpunga, na alikuwa hajawahi kufika kwetu. Macho yake hayasomi tena maandishi, hata yale makubwa ya ubavuni mwa basi. Mpango ukawa hivi: shemeji yangu ampandishe basi la kwenda Iringa, amwonyeshe kitufe kimoja tu kwenye simu yake ya kitochi, na akishuka Makambako akibonyeze, simu iite kwangu. Mimi niwe palepale, nimpokee, tupande gari la Njombe. Kondakta akisahau kumshusha, bibi wa watu anaishia Mafinga, mahali ambapo hatuna hata mtu wa kumsalimia.

"Namba aliyowekewa ni yako tu," mke wangu aliniambia huku akinyonyesha. Simu yake yeye ilikuwa kwa fundi, tangu ilipotumbukia kwenye beseni la kumwogeshea mtoto. "Ikizima, mama yangu amepotea."

"Haitazima."

"Hiyo? Hiyo ukikohoa karibu yake inazima."

"Nitaitunza."

"Itunze. Mama akilala Mafinga, usirudi peke yako. Nyumba hii utaipita kama mgeni."

Mtu ataniuliza kwa nini sikuazima simu nzima. Kuazima simu ya mtu kutwa nzima, siku hizi, ni sawa na kumwomba akuazime meno yake. Nikaamua kuitegemea yangu. Na umeme, kana kwamba ulikuwa unatusikiliza, ukakatika jioni ile. Ulirudi alfajiri kwa muda mfupi, ukaondoka tena. Kulipokucha simu ilikuwa na nusu ya chaji, na nusu ya simu yangu ni robo ya simu za watu.

Nikavuka barabara kwenda kwa jirani yangu mwenye kibanda cha vocha. Huyu ndiye bingwa wa mambo ya simu mtaani kwetu, na hakunyimi ushauri, hata usipouomba. Aliishika simu yangu kama mtu aliyeletewa mgonjwa kwa toroli.

"Punguza mwanga," alisema. "Zima data. Zima mtetemo. Na hii picha ya mtoto inayochezacheza hapa mbele, toa."

"Ni mwanangu huyo."

"Mwanao anakula chaji. Weka nyeusi tupu." Akabonyeza, mwanangu akapotea. "Halafu baridi. Baridi hii yetu inainyonya betri vibaya sana. Simu inataka joto, kama kifaranga. Iweke karibu na mwili."

Hilo la baridi ndilo lililoniingia, kwa sababu ndilo pekee lililogusa taaluma yangu. Nilirudi mashineni nikachukua nyuzi zilizobaki kwenye oda ya shule moja ya sekondari, kijani kibichi na mstari wa njano shingoni, nikaifumia simu sweta. Si kipochi, sweta kamili, lenye shingo, ila halina mikono. Nikaivalisha, nikaiweka kwapani, juu yake sweta langu, juu ya sweta koti. Mke wangu alinitazama nikitoka, mkono mmoja umebana ubavuni kama mtu aliyevunjika mbavu.

"Mwenzangu," alisema, "huyu mtoto wangu mwenyewe hajafumiwa hata soksi."

Kujibu kungeniongezea jasho, na jasho ni maji, na jirani alikuwa ameniambia simu na maji haviendani.

Njiani tabu haikuwa safari, tabu ilikuwa kutoitazama. Kila tulipopita kilima nilitaka kujua chaji imebaki kiasi gani, na kila nikitazama, kule kutazama kwenyewe kunakula chaji. Nilikuwa kama mpishi anayefunua sufuria ya wali kila mara kuangalia kama umeiva, halafu anashangaa kwa nini hauivi. Mpaka tunaingia Makambako nilikuwa nimefunua sana.

Makambako kuna upepo. Njombe baridi inakaa tu na wewe, mnazoeana, Makambako inakufukuza. Nilijibanza kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai, kando ya barabara kuu, pale mabasi ya kutoka Mbeya yanapopunguza mwendo. Nikaingiza mkono kwapani, nikatoa simu. Mama muuza chai akaacha kumimina.

"Kaka, hiyo simu inasoma shule gani?"

Wateja wakageuka. Nikaona nikikasirika nitaonekana mjinga zaidi. "Ipo kidato cha pili, mama."

"Ada umelipa?"

"Bado kidogo."

"Ndiyo maana inakusinzilia." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na andazi. Mama alipomaliza kucheka akanionea huruma. "Si uipeleke pale ng'ambo? Wanachajisha."

Nikamweleza: simu nikiiacha pale, mama mkwe akipiga itapokelewa na mchajishaji, naye ataulizwa habari za mzazi asiyemjua. Nikisimama nayo pale, basi litapita huku nyuma.

"Basi inunulie chai," alisema. Kweli niliagiza chai, lakini nilikunywa mwenyewe.

Mabasi yalikuja. Kila lililosimama nilikimbia mlangoni, nikatazama kila mama aliyeshuka, nikarudi. Jua likaanza kushuka. Mara ya mwisho nilipothubutu kutazama, simu ilionyesha asilimia sita. Baada ya hapo niliiacha sweta lake likiwa limefungwa mpaka juu, nikawa naomba kimoyomoyo.

Ikaita.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mkwe hasalimiwi juu juu. Unashuka chini, unamsemesha kwa wingi hata kama yuko peke yake, na salamu zinakwenda mpaka yeye mwenyewe azifunge. Kumkatiza mkwe katikati ya salamu ni kama kumvuta kitenge. Kwa hiyo nilipoona ni yeye, nikachuchumaa palepale kando ya barabara, mgongo ukutani, ingawa hanioni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Mmefika? Mko wapi?"

"Mzazi anaendeleaje?"

"Mzima, mama."

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya sana. Sasa nyie mko…"

"Usiku analala?"

"Analala, mama." Uongo mtupu, lakini ukweli ungetumia chaji nyingi.

"Mama yako mzazi?"

"Mzima."

"Viazi mlishavuna?"

Simu ikalia kile kimlio chake cha kuaga. Jasho lilinitoka kwenye upepo ule. Ningesema, "Mama, chaji inaisha," lakini maneno hayo, kwa mkwe, kabla ya viazi kujibiwa, yaligoma kutoka. Kidato cha nne nilifundishwa mengi, hili halikuwemo.

"Tulivuna, mama, tunashukuru."

"Haya. Na yule nguruwe…"

Kimya. Niliivua simu sweta. Kioo kilikuwa cheusi, na mara hii si kwa ushauri wa jirani.

Nilibaki nimechuchumaa. Nikaiona Mafinga. Nikamwona bibi amekaa juu ya kifurushi chake gizani, akibonyeza kitufe kimoja kisichoita tena. Nikamwona na mke wangu, lakini huyo sikumtazama sana. Nikainuka, nikawaza nianze kuzunguka kila kona nikiita, ingawa mkwe haitwi kwa kelele.

Kulikuwa na lori la viazi limeegeshwa hatua chache kutoka kibandani. Basi moja lilikuwa limeondoka upande ule wa pili muda si mrefu, na mimi sikuliona kwa sababu ya lori. Honi zilipotulia nikasikia sauti kutoka nyuma ya lile lori, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza kuvuka mashamba.

"… nguruwe, nauliza! Halo! Mbona umenyamaza, au amekufa?"

Nilizunguka lori. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mchele, amenipa mgongo, kitochi sikioni, mkono mwingine umeziba sikio la pili kwa sababu ya upepo. Nikachuchumaa nyuma yake. Nikakosa namna nyingine.

"Hajafa, mama," nilisema. "Amezaa."

"Ahaa! Wangapi?"

"Saba."

"Mungu mkubwa. Unasikika vizuri leo, kama upo hapahapa."

"Nipo hapahapa, mama."

Akageuka. Alinitazama kwa jicho lake moja lenye nafuu, akatabasamu, akakishusha kitochi, akanipa mkono wa heshima. Kisha akaanza upya tangu mwanzo, mzazi, mtoto, mama yangu, viazi, nguruwe, maana salamu za simu ni za simu na za ana kwa ana ni za ana kwa ana. Safari hii nilijibu kila moja kwa nafasi, nikaongeza na habari za kuku ambazo hakuuliza. Mama muuza chai alitazama yote haya, akamletea mkwe wangu kikombe cha moto, na kwangu akatikisa kichwa tu.

Tulifika nyumbani mama mkwe amevaa koti langu, mimi nimebeba mchele. Mke wangu alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, uso umekunjwa.

"Nimepiga kwa simu ya jirani," alisema, "mpaka yule dada wa 'haipatikani' sasa ni rafiki yangu. Nilikuambia! Si nilikuambia itazima?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Muache mume wako," alimwambia binti yake, huku akinyoosha mikono kumpokea mjukuu. "Tumeongea tangu niliposhuka garini. Haikukatika hata mara moja."

Mke wangu akanigeukia, akanitazama kwapani, akasubiri niseme. Mkwe habishiwi. Nikapita na mchele jikoni.