Tulivyowaombea Wafu Wasiokufa

Nina hasira na mudomo wangu. Natembeza wageni kwa boti toka Bukavu, nawaeleza habari za visiwa vya ziwa Kivu. Juzi patron, mwenye boti, alipanda nasi, apime kama nitabaki kazini.

Tulifika kando ya kisiwa kidogo ambapo zamani wasichana waliopata mimba bila ndoa walitupwa wafe. Kisa hicho kinanichoma: mimi pia baba alinifukuza na tumbo. Nikatia chumvi: "Hakuna hata mumoja aliyepona! Usiku mawe yanalia!"

Wageni wakatoa machozi. Nikawasimamisha, tukasali: Raha ya milele uwape, Ee Bwana.

Maman muzee mumoja wa kule Katana alibaki amekaa.

"Maman, simama basi, heshimu wafu!" nikamufokea.

"Wafu gani, mutoto yangu? Bibi yangu aliachwa pale. Muvuvi akapita na mutumbwi, akamuchukua, akamuoa." Akagusa mutoto niliyemubeba mugongoni. "Kama wote walikufa, mimi nimetoka wapi?"

Nikatazama kile kisiwa. Boti nzima ikanigeukia, patron wa kwanza, na mimi bado nimekunja mikono ya sala.