Mwalimu Asemaye kwa Vidole Vinavyouma

Saa kumi na mbili asubuhi, mwalimu ameketi jikoni kwake, mikono yote miwili imezama katika beseni la maji ya uvuguvugu. Anakunja vidole taratibu, anavinyoosha, anavikunja tena. Cha kati, mkono wa kulia, ndicho kikaidi kuliko vyote.

"Huyu bado amelala," anasema, akikitazama kama mama anayemwamsha mtoto wa shule. "Wenzake wameshaamka."

Mumewe, fundi bomba, anasubiri amalize kujifuta, kisha anamfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja. "Mimi nimezoea spana," anasema. "Hivi vidude vinataka utaalamu."

Mwalimu ana umri wa miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na tisa amefundisha watoto viziwi katika shule ya msingi, na somo lote, kuanzia hesabu mpaka utani, hulitoa kwa lugha ya alama. Mwalimu mwingine akiumwa mikono, bado ana sauti. Yeye sauti yake iko vidoleni.

Miaka mitatu iliyopita, vidole hivyo vilianza kuvimba, vya kulia na vya kushoto kwa pamoja. Kisha nyayo za miguu nazo zikavimba. Kila asubuhi ilimchukua saa nzima na nusu kabla mikono haijakubali kufunguka. Majirani walimwambia aache kufulia maji ya baridi. Akaacha. Duka la dawa likamuuzia vidonge vya maumivu. Akameza. Miezi minane ikapita hivyo.

"Nilikuwa nakufa na tai shingoni," anakumbuka. "Nyumbani sikusema, kazini sikusema. Niliogopa wakijua wataniondoa darasani."

Mumewe naye alikuwa na hofu yake. "Aliacha kunishika mkono tukitembea. Nikimgusa, anauvuta. Nikajua nimenuniwa, nikaanza kutafuta kosa langu. Niliomba radhi kwa mambo mawili ambayo kumbe hata hakuwa anayajua."

Siri ilifichuliwa na mwanafunzi, msichana wa miaka tisa anayekaa dawati la mbele. Katikati ya somo alinyoosha mkono na kuuliza kwa alama: "Mwalimu, mbona leo unanong'ona?"

Kwa mtoto kiziwi, alama kubwa na iliyonyooka ni sauti inayosikika vizuri. Alama za mwalimu zilikuwa zimesinyaa, hazitoki mbali na kifua, na mwenyewe hakuwa ametambua.

"Nilicheka naye," anasema. "Halafu nikaingia stoo ya vitabu, nikalia mpaka ilipowaka taa ya mapumziko, ile tunayotumia badala ya kengele."

Jioni hiyo alimweleza mumewe kila kitu. Fundi akasema, "Kumbe siyo mimi." Wakacheka wote wawili, kicheko chenye machozi ndani yake. Kesho yake hakwenda kazini. Alimpeleka mkewe hospitali.

Vipimo vya damu na picha za mikono vilionyesha baridi yabisi. Daktari anayemhudumia, mama mmoja mpole asiye na haraka, anasema jina hilo limewaponza wengi.

"Watu wanalaumu baridi, wanavaa soksi na kungoja," anasema. "Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inakosea adui, inavishambulia viungo vya mwili wenyewe. Bado hatuna dawa ya kuuondoa kabisa. Ila ukiwahi, tunautuliza. Ukichelewa, viungo vinaharibika, na kilichoharibika hakirudi."

Alianzishiwa dawa ya kumeza siku moja tu kwa wiki, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara ili kuhakikisha dawa haimdhuru. Alionywa pia kwamba nafuu ingechukua wiki nyingi.

"Wiki ya tano nilitaka kuvitupa vile vidonge," anasema. "Mume wangu akaniambia, hata nikiziba bomba leo, ukuta uliolowa haukauki leo leo. Nikajikaza."

Fundi hakuishia kwenye maneno. Alibadilisha mabomba yote ya nyumbani, akaweka yenye mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwaambia watoto. Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akawaeleza kwamba mikono yake inaumwa, na kwamba asubuhi nyingine ataonekana kama ananong'ona.

Yule msichana wa mbele alifikiri kidogo. Kisha akavuta dawati lake mpaka karibu na miguu ya mwalimu. "Mtu akinong'ona," alisema kwa mikono, "si unasogea?"

Wenzake kumi na watatu wakavuta madawati yao pia. Mpaka leo wanakaa hivyo, nusu duara, magoti yakikaribia kugusana.

Siku hizi vidole vilivyokakamaa asubuhi hulegea baada ya dakika ishirini. Zipo wiki ambazo ugonjwa hupanda tena. Wiki hizo watoto ndio husimulia hadithi, naye huketi akiwatazama.

Sasa ana mpango. Kuanzia muhula ujao, kila Jumamosi saa nne, wakati vidole vimeshafunguka, atawafundisha wazazi lugha ya alama. Wengi wao wanaishi na watoto ambao hawawezi kuzungumza nao zaidi ya "njoo" na "kula".

"Sijui mikono hii itanipa miaka mingapi," anasema. "Nataka kila mtoto wangu awe na mtu wa kuongea naye nyumbani."

Wazazi kumi na mmoja wamejiandikisha. Wa kwanza ni dereva wa lori, baba wa msichana wa dawati la mbele, ambaye alitaka kujua ataanza kujifunza neno gani.

"Nilimwambia aanze na kumuuliza siku yake ilikuwaje," anasema mwalimu. "Halafu akae chini, amtazame mpaka amalize."