Diriye Hapokonyi Mtu Zamu

Mwalimu Sahro Kulow, anayefundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mtaani Galbet, Garissa, hakuwahi kuandika kitabu. Lakini alimjua Diriye kuliko waandishi waliomrithi.

Alikutana naye akiwa na miaka tisa, kwao Wajir, katika kitabu kilichokwisha kupoteza jalada. Diriye, shujaa wa riwaya tano za marehemu Maalim Daud, alizungumza na visima navyo vikamjibu. Majini aliwaogopa kupita kiasi. Magoti yalimgongana, kisha akawaendea vivyo hivyo. Hapo ndipo Sahro alipompendea.

Maalim alipofariki, wachapishaji waliwaruhusu wengine waendeleze hadithi. Wa kwanza alihifadhi kila kitu: kiapo kilekile, bakora ileile, ngamia yuleyule anayechechemea. Sahro alisoma huku akipiga miayo. "Hii ni kanzu ya marehemu imetundikwa msumarini," aliwaambia wenzake. "Mwenyewe hayumo." Wa pili alimpa Diriye upanga wa moto, na kabla ya sura ya tatu majini mia nne walikuwa wamelala chini. Safari hii Sahro hakupiga miayo. Aliwaandikia wachapishaji barua ya kurasa nne: shujaa asiyeogopa si Diriye, ni mtu mwingine aliyeiba jina lake.

Jibu lilikuja katika bahasha nene. Ndani mlikuwa na mswada wa mwandishi mpya, Istahil, binti wa Wajir, na kikaratasi: "Basi tusomee wewe."

Istahil alikuwa amemzeesha Diriye. Jicho moja limekufa, visima vimenyamaza, watu wanapanga foleni kwenye lori la maji. Sahro alikunja uso. Lakini alipofika pale mzee anapoinamia kisima kikavu, magoti yakimgongana, akakitolea salamu kabla ya kutaja shida yake, mwalimu alijikuta anatabasamu peke yake katika chumba cha walimu. Ndiye huyu.

Sura moja tu ilimkwaza. Istahil alipokuja Garissa, Sahro hakungoja hata shaah, ile chai ya viungo, imiminwe.

"Abaayo, dada yangu, hapa umekosea. Diriye hapokonyi mtu zamu ya maji."

"Mjukuu wake anakufa kiu, mwalimu."

"Najua. Nimesoma."

"Sasa afanye nini? Amwache afe ili nyinyi wasomaji mridhike?"

Swali lilikuwa la haki. Sahro aliufunua mswada, akaufunga.

"Aombe," alisema mwishowe. "Katika vitabu vyote vitano ameomba visima tu. Hajawahi kumwomba binadamu. Asimame mbele ya foleni nzima, aombe. Hilo litamtisha kuliko majini."

Istahil alichomoa kalamu papo hapo, akaanza kuandika pembezoni mwa ukurasa. Shaah yake ikapoa.

Kitabu kilipotoka, wasomaji wengine walilalamika. Darasani, Jawahir wa kidato cha tatu alisimama nacho mkononi.

"Mwalimu, huyu si Diriye wetu. Wetu ni kijana."

"Hata mimi nilimkuta kijana," Sahro alimjibu bila kuyumba. "Nionyeshe ukurasa ambao si yeye."

Jawahir alipekua mpaka kengele ikalia. Akaomba aende nacho nyumbani akatafute vizuri, na Sahro akaliandika jina lake katika daftari la maktaba.